Kuanzia Lyon, Hesabu Inabadilika

Nilikuwa nimeikuza picha ya ramani ya kale ya barabara za Kirumi mpaka herufi zikaanza kuvunjika. Kwenye kioo cha simu ilibaki mistari miwili mitatu myekundu, mto uliopakwa kijani, na jina: Lugdunum. Ndiyo Lyon ya leo, Ufaransa, pale mto Saône unapoingia Rhône. Nilikuwa natafuta namba ya barabara inayoshuka kusini. Pembeni yake nikakuta sentensi.

Lugduno caput Galliarum usque hic legas.

Lugdunum, mji mkuu wa nchi za Gallia. Hadi hapa, leuga.

Leuga ni kipimo cha umbali cha watu wa Gallia, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake. Sentensi hiyo sikuitarajia. Ramani ile ikiamua kuongea, huongea habari za maajabu. Huko mashariki ya mbali imeandika kwamba katika maeneo haya huzaliwa tembo, na kuna mahali Aleksanda Mkuu anaulizwa, hadi wapi, Aleksanda? Lakini kuhusu namba zake yenyewe, namba kwa maelfu zilizotapakaa juu ya barabara, imekaa kimya. Hapa tu ndipo inapotaja kipimo.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiirudia sentensi hiyo nikiwa kwenye daladala, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye vikao ambavyo nilipaswa kusikiliza. Kwa nini hapa? Kwa nini mara moja tu? Na aliyeiandika alikuwa anamtahadharisha nani?

Ukanda wa ngozi

Kwa ambaye hajawahi kuiona: Tabula Peutingeriana ni ukanda wa ngozi wenye kimo cha sentimita 34 hivi na urefu wa karibu mita 6.75. Ulinakiliwa katika Zama za Kati, yapata mwaka 1200, kutoka ramani ya Kirumi ambayo wataalamu wengi wanaiweka karne ya 4 au ya 5. Vimesalia vipande 11. Ncha ya magharibi, yenye sehemu kubwa ya Uingereza na karibu Hispania yote, ilipotea. Jina ni la Konrad Peutinger wa Augsburg, aliyeachiwa mwaka 1508 na Konrad Celtis. Leo iko Vienna, katika Maktaba ya Taifa ya Austria.

Umbo la nchi usilitafute humo. Bahari ya Mediterania imebanwa ikawa mkondo mwembamba, Italia imelazwa ubavu, na kaskazini na kusini vimesukumwa mpaka vinakaribia kugusana. Kinachoheshimiwa ni barabara. Barabara ni mstari mwekundu wenye vikunjo. Kila kikunjo ni kituo, na penye kituo pana jina na namba. XII. XVIIII. VII.

Namba tupu.

Na hapo ndipo raha yake ilipo kwa watu wa aina yangu, tunaopenda kuhesabu vitu visivyotuhusu. Unachukua namba, unazidisha kwa urefu wa maili ya Kirumi, unafungua ramani ya leo, unalinganisha. Italia inakubali. Ugiriki inakubali. Afrika ya Kaskazini nayo inakubali, ukiacha makosa ya mnakili aliyechanganya V na X. Kisha unaingia Gallia kaskazini ya Lyon, na kila kitu kinakuwa kifupi. Miji unayoijua iko mbali, kwenye ngozi inakaa karibu karibu, kana kwamba mtu kaivuta kwa kamba.

Sentensi ya Lyon ndiyo dawa ya tatizo hilo. Namba zile si maili.

Maili yenyewe

Maili ya Kirumi haikuwa kitu cha kubahatisha. Hatua yao ya kupimia ilihesabiwa tangu mguu wa kushoto unapokanyaga hadi mguu huohuo wa kushoto unapokanyaga tena. Hiyo ni futi 5 za Kirumi. Hatua elfu moja ni futi 5,000, yaani mita 1,480 hivi za kwetu.

Vitruvius, msanifu wa enzi za Augusto, ameeleza mashine ya kuhesabia. Gari lina gurudumu la kipenyo cha futi 4, ambalo kwa mzunguko mmoja husogea futi 12 na nusu. Mizunguko 400 ni futi 5,000 kamili; hapo meno ya magurudumu ya ndani yanaachia kijiwe kimoja, kinadondoka kwenye chombo cha shaba. Ukifika jioni unahesabu vijiwe, unajua umetembea maili ngapi.

(Mwenye kikokotoo ataona kwamba futi 4 ukizidisha kwa pai unapata 12.57, kwa hiyo kila maili ya mashine ile ingekuwa ndefu kwa futi 26 hivi. Kwa aliyekaa juu ya gari, hiyo si kesi.)

Augusto huyohuyo, mwaka 20 KK, alisimamisha Roma ile nguzo iliyoitwa Maili ya Dhahabu. Ukiangalia picha hiyo, nguzo katikati ya mji mkuu, mashine inayodondosha vijiwe, barabara zilizonyooka, unaona dola yenye rula moja. Mimi nilikuwa naiona hivyo.

Ndiyo maana leuga ilinisumbua.

Kibao cha nyanya

Jibu la kwanza lililonijia kuhusu ule ukimya wa namba lilikuwa la sokoni. Kwenye nyanya kibao kimeandikwa 2000. Hakuna aliyeongeza "shilingi", wala "kwa fungu" au "kwa sado". Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na mgeni atauliza. Kipimo kinakaa vichwani mwa watu, hakihitaji kuandikwa.

Basi nikasema, ramani nayo ilikuwa hivyohivyo. Mtu wa Gallia akiona XII anajua ni leuga. Mtu wa Italia akiona XII anajua ni maili. Sentensi ya Lyon ni ya yule anayevuka kutoka kwa hawa kwenda kwa wale.

Jibu zuri. Lilidumu mpaka nilipokwenda kuwasoma wasafiri wenyewe.

Mtu wa Bordeaux

Mwaka 333 Mkristo mmoja, jina lake halijulikani, aliondoka Bordeaux kwenda Yerusalemu. Alichotuachia mwanzoni si simulizi, ni orodha: kituo, umbali, kituo, umbali. Anaanza kwa kueleza kwamba katika mto Garonne maji ya bahari hupwa na kujaa kwa leuga kama 100 kwenda bara. Kisha anaingia njiani. Kituo cha kubadilishia wanyama, Stomatas, leuga 7. Kituo cha kubadilishia wanyama, Sirione, leuga 9. Mji wa Vasatas, leuga 9.

Leuga, leuga, leuga. Kila mstari umetaja kipimo.

Anafika Toulouse, na baada ya hapo mistari inabadilika: maili, maili, maili. Ameingia jimbo la Narbonne, ambalo Roma ililishika zaidi ya miaka 60 kabla Kaisari hajagusa Gallia nyingine. Hakuna maelezo. Akifika Arles anajumlisha safari yote tangu Bordeaux, na jumla anaiandika kwa maili, ingawa kipande cha mwanzo alikihesabu kwa leuga.

Huyu ndiye mtu wa barabarani hasa. Ana vumbi miguuni. Kama kuna mtu ambaye angeweza kuacha kipimo bila kukitaja kwa sababu kila mmoja anakijua, ni yeye. Naye hakiachi hata mara moja.

Mawe ya kule ni yaleyale. Mwaka 1817 huko Tongeren, Ubelgiji ya leo, kilichimbuliwa kipande cha nguzo ya pembe nane iliyoandikwa vituo na umbali wake. Baada ya kila jina pana herufi L, yaani leuga, kisha namba. Hakuna aliyesema "watu wetu wanajua". Fundi wa mawe aliyekuwa analipwa kwa kuchonga alikubali kuchonga L kila mstari.

Basi ile hoja ya kibao cha nyanya haisimami. Watu wa njiani walikuwa wanataja kipimo. Aliyekiacha ni mchora ramani.

Reims hadi Soissons

Jiwe la Tongeren lina mistari miwili ninayoipenda kuliko mingine, kwa sababu yeyote mwenye simu anaweza kuipima akiwa kitandani. Kutoka Durocortorum, yaani Reims, hadi kituo kiitwacho Ad Fines, leuga 12. Kutoka Ad Fines hadi Augusta Suessionum, yaani Soissons, leuga 12. Ad Fines maana yake mpakani, na ulikuwa mpaka kweli, baina ya Waremi na Wasuessioni, makabila mawili ya Gallia. Yaani kituo cha katikati kiko kwenye mpaka, kila upande ukiwa na leuga 12 zake.

Waandishi wa kale wanasema leuga moja ni hatua 1,500, maili moja na nusu. Hiyo ni kilomita 2.22. Zidisha kwa 24: kilomita 53.

Pima Reims hadi Soissons kwa mstari ulionyooka: kilomita 53.

Nilifurahi kama mtoto. Kama zingekuwa maili, tungepata kilomita 35 na nusu, na Soissons ingekuwa imehamia shambani kwa mtu. Jiwe na ramani ya leo vinasema kitu kimoja.

Furaha ile haikukaa. Barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka, na barabara hii inafuata bonde la mto Vesle kisha la Aisne. Lazima imepinda hapa na pale. Kwa magari ya leo ni kilomita kadhaa zaidi ya 53. Kwa hiyo leuga ya kilomita 2.22 inatosha tu ikiwa Warumi waliruka kama kunguru, au ikiwa waliziacha sehemu za leuga zisizotimia.

Nikaja kujua kwamba wapo watafiti wa Kifaransa walioliona hilo zamani, tena siyo kwenye barabara hii tu. Wanashikilia kwamba leuga iliyotembewa kwa kweli katika sehemu za Gallia ilikuwa na urefu wa kilomita 2.4 na zaidi, na kwamba ile hesabu ya maili moja na nusu ni ya vitabuni. Wengine hawakubali. Mimi naona hoja yao ina uzito. Ukichukua 2.4 na kuizidisha kwa 24 unapata kilomita 57.6, na hiyo inafanana na barabara inayopita mtoni.

Sasa nilikuwa na leuga mbili badala ya moja.

Nani alikubali kipimo cha nani

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi.

Kaisari aliitwaa Gallia kati ya mwaka 58 na 50 KK. Barabara zikajengwa, nguzo zikasimamishwa, na nguzo za mwanzo zilihesabu kwa maili kama kwingine kote. Leuga inachomoza kwenye mawe baadaye sana, katika karne ya 2 mojamoja, na inashika nafasi mwanzoni mwa karne ya 3 chini ya mtawala Septimius Severus. Zaidi ya miaka 200 baada ya ushindi, kipimo cha walioshindwa kinapanda juu ya nguzo za serikali, chini ya jina la mtawala wa Roma. Na siyo Gallia tu. Majimbo mawili ya Germania kando ya Rhine nayo yanahesabu hivyo. Ng'ambo ya maji, Uingereza wanabaki na maili.

Mtu anaweza kusema Roma ililegea. Au mtu anaweza kusema Wagalli walishinda kimyakimya: kwa miaka yote ile, vijijini, watu waliendelea kuhesabu leuga huku wakipita mbele ya nguzo za maili bila kuzitazama, hadi ofisi ikachoka. Kuna ukweli ndani yake, naamini. Kipimo kisichotumika miaka 200 hakifufuki kwa amri.

Lakini angalia mawe yanahesabu kutoka wapi. Yanahesabu kutoka mji mkuu wa jamii ya hapo: kutoka kwa Waremi, kutoka kwa Wasuessioni, mpaka kufikia mpaka wao, na huko hesabu nyingine inaanza. Hizo jamii ndizo zilizobeba mzigo wa kutengeneza kipande chao cha barabara. Nguzo ya leuga ni kama inasema: kuanzia hapa hadi pale, wenye kazi ni nyinyi. Ukiisoma hivyo, siyo zawadi. Ni mgawanyo wa gharama, ulioandikwa kwa lugha ambayo mwenye kulipa hawezi kudai hakuielewa.

Halafu kuna ile maili moja na nusu.

Hesabu hiyo ni safi mno. Kipimo kilichozaliwa kwa watu wengine, kwa miguu mingine, katika misitu mingine, kikaangukia kwenye hatua 1,500 za Kirumi kamili, bila hata hatua moja ya ziada? Siamini. Naona mtu wa ofisini aliichukua leuga ya wenyeji, ambayo huenda ilikuwa inarefuka na kufupika kwa kila bonde, akaikata ikae sawa na vitabu vyake. Ammianus Marcellinus, mwanahistoria wa karne ya 4, anaonyesha jinsi ilivyokuwa rahisi baada ya hapo. Akisimulia jeshi la Julian likienda kupigana na Waalamanni karibu na Strasbourg mwaka 357, anasema umbali ulikuwa leuga 14, yaani maili 21. Hakuna salio. Jordanes naye, akiandika karne ya 6 habari za vita dhidi ya Attila, anataja uwanda wa leuga 100 kwa 70, kisha anasimama kumweleza msomaji wa mashariki kwamba leuga moja ya Gallia ni hatua 1,500.

Kwa hiyo jina ni la Wagalli, urefu umenyooshwa na Roma. Kila upande ulipata ulichoweza kuishi nacho. Na kama wale watafiti wa kilomita 2.4 wana haki, basi kuna watu Gallia walioendelea kutembea leuga yao ya zamani chini ya herufi L ileile, na ofisi ikiamini kwamba ni maili moja na nusu.

Hadi hapa, kuanzia hapa

Ammianus anatusaidia jambo jingine. Akielezea Saône na Rhône zinavyokutana anasema mahali pale ndipo mwanzo wa nchi za Gallia, na kuanzia hapo safari hazipimwi kwa maili bali kwa leuga.

Ramani inasema: hadi hapa, leuga.

Mahali ni pamoja. Wanaotazama wameelekea pande tofauti. Ammianus alikuwa mtu aliyejiita Mgiriki, wa mashariki ya Mediterania. Gallia kwake ni mbele. Ramani inaanzia magharibi, baharini, na jicho la msomaji linatoka Gallia likielekea Italia. Ukishafika Lyon umemaliza leuga, sasa shika maili.

Mwanahistoria Richard Talbert ametoa hoja kwamba ramani hii haikutengenezwa kwa ajili ya msafiri kabisa. Ilikuwa ya kutundikwa, ya fahari, ya kumwonyesha mgeni wa mtawala jinsi dunia ilivyo mikononi mwa Roma. Mwanzoni nilimkatalia. Nani angeandika namba kwa maelfu kwa ajili ya ukuta? Ila ukiangalia zile orodha na yale mawe, hoja yake inaanza kukaa. Mtu wa Bordeaux anataja kipimo kila mstari. Fundi wa Tongeren anachonga L kila mstari. Mchoraji wetu, mwenye orodha kama hizo mezani, ananakili majina na namba na kuziacha zile herufi ndogo. Kwenye ukuta XII inapendeza vilevile.

Isipokuwa kuna mmoja ambaye hakuridhika. Labda ni mchoraji mwenyewe, labda ni aliyemfuata. Alifika Lyon, akaona kwamba orodha moja inaishia hapa na nyingine inaanza, na kwamba namba za huku na za huku hazilingani. Akachukua kalamu.

Mashariki hakuna mwenzake aliyefanya hivyo.

Ng'ambo ya Frati

Maana mashariki hali ni mbaya zaidi. Barabara za ramani zinaendelea kuvuka Frati, zinapita Uajemi, zinafika India, na namba bado zimekaa juu yake kwa utulivu uleule. Waajemi hawakuhesabu kwa maili. Wengi wanaamini ni parasangi, kipimo cha Kiajemi, lakini ngozi haisemi.

Msomaji aliyepita madrasa anaijua parasangi kwa jina lake la Kiarabu: farsakh. Ni zile farsakh 16 za fiqhi ya safari, maili 48, ukizifikisha unapunguza sala. Na kama umewahi kukaa kwenye darsa ambapo masheikh wanabishana ni kilomita 80 na ngapi hasa, basi umeshaonja shida ya Pliny. Yeye, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alilalamika kwamba Waajemi wenyewe hawakubaliani juu ya parasangi na juu ya skoini, kipimo kingine cha njia, kila mmoja ana urefu wake. Herodotus alikuwa amesema parasangi moja ni stadia 30, kwa kipimo cha Wagiriki. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema wapo wanaotaja 30, wapo 40, wapo 60.

Skoini, iliyotumika pia Misri, ndiyo kichekesho. Strabo aliupanda Nile mwenyewe. Alikuta mwandishi Artemidorus akihesabu skoini moja kuwa stadia 30 kutoka Aleksandria hadi kichwa cha Delta. Kisha mtu huyohuyo anasema kutoka Memphis hadi Thebaisi skoini moja ni stadia 120, na kutoka hapo hadi Syene, Aswan ya leo, ni 60. Strabo mwenyewe, safarini, alielezwa 40 na zaidi, ikitegemea mahali. Mto mmoja, jina moja, vipimo vinne.

Hata stadia na maili hazikupatana. Kwa njia ya Egnatia, iliyopasua Makedonia, Strabo anatoa maili 535. Wengi, anasema, wanahesabu stadia 8 kwa maili, hivyo stadia 4,280. Lakini mwanahistoria Polybius anaongeza theluthi ya stadia kwa kila maili, kwa hiyo lazima uongeze stadia 178. Barabara haikurefuka hata kwa jiwe moja.

Rhapta

Ramani ya Vienna haifiki kwetu. Afrika yake ni ya kaskazini. Ila vipimo vya enzi hizo vilifika, kwa baharini.

Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mtu wa Misri, unashuka pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, kwa kipimo cha mwendo: umbali ambao chombo kinakwenda kwa muda fulani. Miendo miwili ya usiku na mchana, na kadhalika, hadi Rhapta, soko la mwisho, la pembe za ndovu na mashua za kushonwa. Kipimo hicho ni upepo. Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya 2, aliletewa taarifa mbili za njia hiyo. Diogenes, akisukumwa na upepo wa kaskazini, alitumia siku 25 kushuka kutoka upande wa Ras Asir wa leo, ncha ya Somalia, hadi karibu na Rhapta. Theophilus, akitoka Rhapta kwa upepo wa kusini, alifika ncha ileile siku ya 20. Marinus wa Tiro, mwanajiografia aliyemtangulia Ptolemy, alizigeuza siku kuwa stadia, na Azania yake ikaporomoka kusini mno hadi Ptolemy akalazimika kuikata.

Mwongozo ule unatoa stadia mahali pamoja ambapo watu wa pwani wanapenda kubishania. Kisiwa cha Menouthias, unasema, kiko kama stadia 300 kutoka bara. Ni cha chini, kina miti, na watu wake wanatega samaki kwa vikapu kwenye milango ya maji. Madema, kwa wanaojua. Ukitumia stadia 8 kwa maili, 300 ni kilomita 55, na hapo watu wa Pemba wanasimama, kwa sababu Unguja iko chini ya kilomita 40 kutoka bara na Mafia iko karibu zaidi. Mimi Pemba naikubali, lakini si kwa namba hiyo. Baharini hakuna gurudumu la Vitruvius. Nahodha alijua alivuka kwa muda gani, na mtu fulani, labda bandarini Misri, akaugeuza muda ule kuwa stadia 300, namba nzuri ya duara. Anayetaka kuishika kama ushahidi aanze kwanza kutuambia chombo kile kilikuwa kinakwenda kwa kasi gani kwenye kaskazi, na kilianza kuhesabu kutoka sehemu gani ya bara.